Siku Moja Kazini: Kuchagua Taa za Barabara Inayopanuliwa Kampala

Saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, kwa sababu taa hupimwa gizani na saa hizi magari ni machache. Barabara ya njia mbili inapanuliwa iwe ya njia nne, yenye kitenganishi katikati na njia za waenda kwa miguu pande zote. Kabla ya kuchagua taa mpya tunazipima za zamani. Mmoja anaweka kipima mwanga juu ya lami, mwingine anaandika: vituo 10 kati ya nguzo na nguzo, safu tatu kila njia. Chini ya nguzo tunapata laksi 35 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika chini), katikati ya nguzo na nguzo laksi 3. Macho ya dereva yakishazoea ile 35, mtu anayevuka kwenye 3 huonekana kwa shida. Wengi hudhani taa mbaya ni ile isiyowaka. Hizi zinawaka zote, na barabara bado ni hatari.

Saa mbili, ofisini. Vipimo vinaingizwa kwenye programu ya kuhesabu mwanga, chai inanywewa mezani.

Swali la kwanza ni nguzo zikae wapi. Zikisimama katikati zikiwa na mikono miwili, kwa kilomita 3 na nafasi ya mita 32, unahitaji nguzo 95 na taa 190. Mtaro wa kebo ni mmoja tu, ndiyo maana wahasibu wanaipenda hesabu hii. Lakini mwanga hufika umechoka kule pembeni wanakopita wanafunzi, wanakosimama wauza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na wanakosubiri boda boda. Tena, kubadilisha taa moja ni lazima ufunge njia ya mwendo kasi. Mimi nasimamia nguzo za pembeni, zinazotazamana, kimo cha mita 10, nafasi ya mita 34: nguzo 178, taa 178. Mitaro inakuwa miwili na gharama inapanda, lakini anayetembea kwa miguu naye anaona anapokanyaga.

Saa nne anaingia wakala wa kuuza taa na sampuli yake, na hapo ndipo siku inapokwama.

Boksi limeandikwa wati 200. Anaiwasha palepale mezani, chumba kizima kinang'aa, wenzangu wanafumba macho na kusifu. Mwanga unaokuumiza macho ofisini utamuumiza dereva pia, na hauonyeshi utaanguka wapi ukiwa mita 10 juu. Namwomba faili ya mtawanyo wa mwanga, ile inayosomwa na programu. Hana.

"Mhandisi, mwanga si ni mwanga tu?"

Naiunganisha na kipima umeme: wati 118. Rangi ni kelvini 6500, nyeupe ya kibuluu inayovuta wadudu wa ziwani mpaka kioo kinajaa. Sisi tunataka 4000 kushuka chini. Nafungua skrubu nne, mbili zimeshaanza kutu. Mpira wa kuzuia maji ni mwembamba, umekunjika kwenye kona, na vumbi letu jekundu litapita hapo kabla ya mvua. Kinga ya radi haimo, na hapa karibu na Ziwa Victoria sikubali chini ya kilovolti 10. Kifaa cha kulisha umeme kimegandishwa kwa gundi, maana yake kikiungua unatupa taa nzima. Anapiga simu kwa bosi wake, anashusha bei, anapiga tena. Faili iliyoahidiwa inafika baada ya saa nzima: ni picha ya katalogi.

Halafu anahamia kwenye taa za sola. Kwa kijia cha mtaani naweza kuzifikiria. Kwa barabara hii, hapana. Karibu na ikweta usiku una saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo betri haipati msimu wa kupumzika. Miezi ya mvua mawingu hukaa, betri huibwa, na wale ndege wakubwa kaloli wakitua juu ya paneli wanaipaka kinyesi mpaka haichaji. Anaondoka saa nane. Chakula cha mchana kimeshapoa.

Mchana, barabarani tena. Mafundi wanachimba shimo la majaribio la msingi, na kwenye kina cha mita moja wanakutana na bomba la maji lisiloonekana kwenye ramani yoyote. Tunasubiri wenye bomba. Mvua inanyesha, shimo linajaa. Wanafika, wanatazama, wanasema nguzo isogezwe mita 1.5. Jambo dogo, ila upande mmoja nafasi sasa ni mita 35.5 na mwingine 32.5, kwa hiyo hesabu ya eneo lile inarudiwa, maana kiza hujificha kwenye nafasi kama hizo. Hapohapo tunaamua kebo iwe ya aluminiamu yenye deraya (ganda gumu la kuikinga), kwani ya shaba huchimbwa usiku na kuuzwa, na mlango wa nguzo uwe juu ya usawa wa mafuriko, uutazame upande wa njia ya miguu ili fundi asifanye kazi huku magari yakimpita mgongoni.

Giza limeshaingia ninapoandika masharti ya zabuni, miguu inauma. Wati 100 mara taa 178 ni kilowati 17.8, kwa saa 12 zikiwaka kwa nguvu zote ni yuniti 213.6 kila usiku, kwa hiyo kuanzia saa tano usiku mwanga utapunguzwa nusu ili bili ilipike. Sharti la kwanza nimeliandika kwa herufi nzito: sampuli isiyo na faili ya mtawanyo wa mwanga haipokelewi mlangoni.