Chatu wa Nachingwea

"Baba, chatu anaishi miaka mingapi?" Binti yangu aliuliza juzi, macho kwenye simu, anaangalia joka ambalo mwenye video anaapa lina mita 15. Nikamwambia hilo la mita 15 aachane nalo. Chatu wa kufugwa anayeshikilia rekodi ni wa aina ya Asia, alipimwa Kansas City, Marekani, mwaka 2011, akakutwa na mita 7.67. Hawa wetu wa kusini wakifika mita 5 ni wakubwa kwelikweli. Umri? Miaka 20, 30 akitunzwa vizuri. Nilitaka kuendelea, ila maneno ya babu yakanijia.

Msimu wa korosho, niko darasa la tano. Mbuzi wa mjomba hakurudi. Asubuhi wakamkuta chatu chini ya mkorosho, tumbo limejaa, haendi mbele wala nyuma. Kumuua hakukuchukua muda, na sehemu hiyo sipendi kuisimulia.

Kumpima ndiko kulikochukua muda. Vijana walimvuta wakamnyoosha mchangani, lakini kichwa kilishapondwa na mwili bado unajikunja polepole. Wakikaza huku, kule kunalegea. Babu akanipa ncha ya kamba ya katani, nishike mkiani. Nikapiga magoti. Karibu na uso wangu, pembeni ya tundu la haja, kulikuwa na kucha mbili nyeusi zilizopinda, ndogo kama za kifaranga. Nyoka ana kucha! Nikazigusa, zikacheza.

"Hiyo ni miguu yake ya zamani," babu akasema, wala hakuinama. (Ukubwani nikaja kusoma kwamba hakukosea: ni mabaki ya miguu ya nyuma.) Juu kidogo, magamba yalikatwa na mstari mweupe, na hapo ndipo babu alipochuchumaa. Akaupitishia kidole gumba.

"Huyu namfahamu. Nilimpiga panga mwenyewe enzi za karanga za Mwingereza, tunafyeka pori."

Mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga ulikufa 1951. Sisi tulikuwa 1986. Piga hesabu. Mjomba alicheka sana. Mimi nilikuwa bado naliangalia kovu. Mpaka leo nasema haiwezekani, halafu nakumbuka kuwa mwaka 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, chatu mmoja wa aina ndogo ya Afrika Magharibi alitaga mayai akiwa na miaka inayokadiriwa kupita 60. Porini hakuna wa kumletea chakula, najua. Na kovu linaweza kuwa la ngiri. Lakini babu hakuwa mtu wa kutia chumvi, labda kwenye habari za ndoa zake.

Kamba tuliipeleka kwa fundi cherehani: mita 4 na nusu. Mbuzi akatolewa mzima na pembe zake, hafai kwa lolote. Mafuta ya chatu yakagawiwa wazee kwa ajili ya maumivu ya viungo. Ngozi ikawambwa ukutani kwa misumari, na ngozi ya nyoka ukiivuta inaongezeka, basi ilipokauka ikapita mita 5. Kwenye vilabu vya uraka, pombe ya mabibo, ilishafika 8.

Akaja mnunuzi na futi yake mwenyewe. Akapima mara moja, akatangaza mita 4. Babu akamtazama kwa muda.

"Kijana, wewe si ndiye mwenye mizani ya korosho?"