Krismasi ya Mbali na Nyumbani: Siku Moja ya Mwoka Mikate Aliyewahi Kuwa Mmisionari

Saa 9:30 usiku

Leo ni Alhamisi, tarehe 25 Desemba 2025, nami nimeamka kabla simu haijalia, kwa kuwa upepo wa kaskazi umetulia na chumba kimejaa joto. Ninaishi katika majumba ya Michenzani, mjini Unguja, katika chumba kimoja ndani ya nyumba ya Bi Mkubwa ambaye alinipokea miaka 3 iliyopita, nilipovuka bahari kutoka Dar es Salaam kuja kuoka mikate katika hoteli moja ya Shangani. Yeye ni Mwislamu. Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake watu wengi huwaita Wamormoni, na kabla ya kujifunza kazi hii nilitumikia kanisa langu kama mmisionari nchini Zambia kwa miezi 18.

Mwezi wa kwanza nilipofika hapa, Bi Mkubwa alinikaribisha chai kila siku, nami nikawa naikataa kwa haya, hadi nilipomweleza kwamba tuna mafundisho yanayoitwa Neno la Hekima, ambayo yanatukataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Hakuuliza swali la pili. Tangu siku hiyo huchemsha mchaichai mtupu katika sufuria ndogo aliyoitenga kwa ajili yangu, na usiku huu pia nimeikuta jikoni, imefunikwa kwa kitambaa, ingawa nilimwomba asijisumbue kuamka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo siku kuu yenu, na wewe wenda kazini?"

Nilimjibu kwamba wageni hula mikate hata siku ya siku kuu, akatikisa kichwa, akaniuliza kama mdogo wangu ameshapiga simu. Nikamwambia kwamba atapiga jioni.

Saa 10:20 alfajiri

Kijana wake amenipakia kwenye vespa yake, tukapita Darajani, ambako wauza embe walikuwa wamelala kando ya matenga yao, akanishusha karibu na hoteli kwa sababu njia iliyobaki ni ya miguu tu.

Jikoni tuko wawili zamu hii, mimi na mzee mmoja wa Unguja ambaye amekanda unga tangu mimi sijazaliwa, na ambaye karibu kila ninachokijua kuhusu kuoka katika hali ya hewa ya pwani nimekipata kwake. Nilipojifunza kazi Dar es Salaam niliambiwa kwamba maji ya kukandia yawe vuguvugu ili hamira iamke. Hapa, mwezi wa Desemba, mzee hutia barafu katika maji, kwani unga ukikandwa kwa maji ya kawaida huumuka upesi mno kabla haujapata ladha, kisha mkate hutoka na harufu ya uchachu na matundu makubwa katikati. Nami sasa hugusa bakuli kwa mgongo wa mkono kabla ya kumimina, kama yeye.

Kazi kubwa ya leo ni mkate mtamu wa Krismasi wa Kitaliano uitwao panettone, kwa kuwa wageni wetu wengi wanatoka Italia na mpishi mkuu hakutaka wafike mezani waukose. Kuuandaa huchukua siku mbili. Unga wake una siagi na viini vya mayai kwa wingi, una zabibu kavu na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, na ukitoka katika tanuri ni laini kiasi kwamba ukiuacha umesimama utabonyea kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo mkate hutobolewa karibu na kitako kwa vijiti viwili virefu, ukapinduliwa, ukaning'inizwa kichwa chini hadi upoe. Mikate 24 tuliyoioka jana usiku ilikuwa bado inaning'inia kati ya viti tulivyovipanga mistari miwili, na mzee alipowasha taa alisimama kidogo akiitazama, akasema, "Imesimama vizuri, dada." Kwa mtu asiyesifu kazi ovyo kama yeye, hayo ni maneno mengi.

Keki ya matunda ilikwisha kuokwa tangu mwanzoni mwa mwezi. Zabibu za keki ile huloweshwa katika ramu, na katika zamu yetu hakuna wa kuionja, si mzee wala mimi, hivyo kazi hiyo ilifanywa na vijana wa zamu ya mchana. Tulichofanya sisi ni kuoka keki nyingine ndogo zilizoloweshwa kwa maji ya machungwa, zenye iliki na kungumanga, kwa ajili ya wafanyakazi na wageni wasiotumia pombe. Ninaamini kwa dhati kwamba hizo ndizo tamu zaidi.

Adhana ilipoanza, mzee alifuta mikono akaenda kuswali, nami nikabaki na matanuri mawili. Tumezoea hivyo.

Saa 12:15 asubuhi

Jua limechomoza, mikate ya asubuhi imepanda juu, na kengele za Minara Miwili, kama wenyeji wanavyoliita Kanisa la Mtakatifu Joseph, zimesikika hadi jikoni. Hapo ndipo kila mwaka mawazo hunirudisha Kitwe, mji wa Zambia nilikotumikia.

Nilikuwa na miaka 20. Krismasi ya mwaka 2016 iliangukia Jumapili, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kama inavyonyesha Zambia mwezi huo, na viatu vyangu vya pekee vilikuwa havijakauka. Mmisionari wa kanisa letu haendi popote peke yake. Hupangiwa mwenzi, wakaishi pamoja, wakasoma na kutembea pamoja, na hata mmoja akitaka kulia wakati wa siku kuu, hulia mbele ya mwenzake. Mwenzi wangu alitoka Zimbabwe. Hatukulia. Tulikwenda kanisani tukiwa na matope hadi magotini, kisha mjane mmoja aliyekuwa akiuza nyanya sokoni akatuita kwake, akatupokea kwa neno la Kibemba, "Mwaiseni," yaani karibuni, akatupikia nshima, yaani ugali wao, kuku, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga wanazoziita ifisashi. Baadaye nilitambua kwamba watoto wake walikula shingo na miguu ili sisi tupate mapaja. Nilikuwa nimekuja kumhubiria, naye ndiye aliyenipa Krismasi.

Wakati ule sheria ilikuwa kwamba kila wiki mmisionari huwaandikia wa nyumbani, lakini kuwapigia simu ni mara 2 kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Kwa miezi 7 sikuwa nimesikia sauti ya mama yangu. Jioni ile, nyumbani kwa familia moja ya waumini, niliandika katika karatasi mambo yote ya kumwambia, kisha aliposema "Haloo" nikaisahau karatasi nzima. Yeye naye hakusema jambo lolote kubwa. Aliniuliza kama ninakula, kama nina chandarua, kama mwenzangu ni mtu mwema, akarudia maswali hayo hayo, na dakika zetu zikaisha tukiwa bado kwenye chandarua. Sheria hiyo ilibadilishwa mwezi Februari 2019, na sasa wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia zao kila wiki, hata kwa kuonana katika simu. Wapo wanaosema kwamba mabadiliko hayo yamewalegeza vijana. Mimi nimeyaishi ya zamani, na sikubaliani nao, kwa kuwa kimya kile hakikuniongezea bidii yoyote. Kilimwongezea mama mvi.

Saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana

Kifungua kinywa kimepita, mikate ya Kitaliano imekatwa na kusifiwa, chakula cha mchana kimeandaliwa. Umeme ulikatika kwa dakika chache tanuri likiwa na biskuti, jenereta ikawaka kabla hazijaharibika.

Saa 8:00 mchana

Mapumziko yangu ni saa moja, na leo nimeyatumia kutembea hadi Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Waanglikana. Si kanisa langu, na ibada yao ilikuwa imekwisha, lakini nimeingia nikaketi benchi la nyuma, kama nilivyofanya Krismasi 2 zilizopita, kwa sababu katika mji huu hakuna mahali panaponifanya niufikirie umisionari zaidi ya hapa.

Kiwanja hiki kilikuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na madhabahu inaelezwa kuwa imewekwa mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa. Tarehe 25 Desemba 1877, jengo likiwa bado halijakamilika, Askofu Edward Steere aliongoza ibada ya kwanza humu. Tunapomzungumzia Steere tunakumbuka vitabu vyake vya Kiswahili na namna alivyosimamia ujenzi, na ni haki kumkumbuka. Amezikwa humu humu, nyuma ya madhabahu. Lakini mimi huwafikiria zaidi vijana waliolelewa na misheni yake, ambao baadhi yao walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Mimi niliondoka kwetu kwa hiari yangu, nikiwa na barua ya wito, na tarehe ya kurudi nyumbani niliijua. Wao walitolewa kwao kwa nguvu, wengine wakiwa wadogo kiasi cha kutokumbuka jina la kijiji, na katika Krismasi za utoto wao hapakuwa na mama wa kumwandikia kwa sababu hapakuwa na anayejua alipo. Nilipokuwa Kitwe nilijiona kwamba nimejinyima sana. Nikikaa katika benchi hili, neno hilo hunishinda kulitamka.

Nimewaombea, nikamwombea na mdogo wangu, nikarudi kazini kupitia vichochoro vyenye kivuli.

Saa 10:00 jioni

Mdogo wangu ni kitindamimba wetu, ana miaka 20, na anatumikia huko Kumasi, Ghana, kwa miaka 2. Huko ni saa 7 mchana. Tulipanga kwamba yeye, mama aliyeko Dar es Salaam, na mimi tukutane katika simu moja, na saa hiyo ilipofika nilikuwa na trei 3 za biskuti ndani ya tanuri. Mzee alinitazama tu. "Nenda, dada, mimi nipo," akasema, akasogea mahali pangu.

Nilisimama katika korido ya stoo ya unga, penye mtandao mzuri. Kwanza akaonekana mama, amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshika simu karibu mno hata tukaona paji la uso tu. Kisha akatokea kijana, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani yenye jina la ukoo wetu na jina la kanisa. Wamisionari wa kiume huitwa Mzee, na mama hadi leo hajaweza kumwita mwanawe wa mwisho hivyo, alianza, "Mzee...," sauti ikakatika, akamwita kwa jina la utotoni. Jina lililoandikwa katika beji ni la baba yetu, ambaye alifariki kabla kijana huyu hajamaliza shule ya msingi.

Kisha mama akauliza kama anakula. Akauliza kama ana chandarua. Akauliza kama mwenzake ni mtu mwema, na mwenzake, kijana kutoka Nigeria, akainama mbele ya simu akamsalimu kwa heshima bila kujua kwamba anazungumziwa yeye. Mdogo wangu alitueleza kwamba upepo mkavu wenye vumbi la jangwani umeanza kuvuma huko, midomo inapasuka, na kwamba mama mmoja wa kanisani amewaalika kula fufu na supu, na kila wakifika mlangoni huwaambia "Akwaaba," yaani karibuni, kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikamwuliza kama mama huyo ana watoto. Akasema anao 4. Nikamwambia, "Ukifika mezani, tazama watoto wamepewa nini, kisha ule polepole." Alinyamaza, akasema, "Nimekuelewa, dada."

Tulizungumza kwa dakika 50. Niliporudi, biskuti zilikuwa mezani zinapoa, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka.

Saa 2:00 usiku

Zamu yangu imeisha saa 12. Nimeingia nyumbani nikiwa na mkate mmoja wa Kitaliano uliobonyea upande, ambao mpishi mkuu aliniruhusu niuchukue, na keki ndogo 4 za maji ya machungwa. Bi Mkubwa alikuwa amenipikia pilau. Alisema kwamba siku kuu haikosi pilau, iwe ya nani. Tulikula pamoja, yeye, kijana wake, wajukuu zake wawili na mimi, na nilipoona mjukuu mdogo amewekewa mifupa mitupu nilihamisha vipande viwili vya nyama kutoka sahani yangu kabla bibi yake hajaona.

Aliona. Hakusema kitu, akaniongezea wali.

Baadaye alivaa miwani, akaomba aoneshwe picha ya mdogo wangu, akaitazama kwa muda mrefu, akaipanua kwa vidole viwili kama mjukuu wake alivyomfundisha, akasoma beji herufi kwa herufi hadi akalimaliza jina la baba yangu. "Amekonda," akasema. "Mwambie mama yake nimesema amekonda, lakini macho yake yana raha."

Nimemtumia mama ujumbe huo kama ulivyo, nikaloweka aproni, nikaweka kengele ya simu saa 9:30. Kesho tarehe 26 nayo ni sikukuu, na wageni wapya 30 wanaingia kwa boti ya asubuhi.