Jinsi nilivyotatua tatizo la sabuni ya nazi isiyoganda

Kwa majaribio matatu mfululizo, sabuni yangu ya mafuta ya nazi ilibaki laini kama ugali mbichi, huku mafuta yakielea juu hata baada ya siku mbili. Nilikoroga kwa muda mrefu zaidi, nikapasha moto upya, kisha nikaongeza chumvi, bila mafanikio.

Chanzo kilikuwa kostiki soda yenyewe, yaani kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mfuko niliofungua wiki nyingi kabla ulikuwa na mabonge, nami niliyaponda tu nikaendelea. Kumbe besi hii kali hufyonza unyevu na hewa ya ukaa, na sehemu yake hugeuka kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha magadi tunayolainishia maharage. Nayo ni besi dhaifu mno kuyageuza mafuta kuwa sabuni kwa njia hii.

Nilinunua kostiki mpya, kavu, isiyo na bonge hata moja, na nikaacha kupima kwa kikombe. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi zinahitajika takriban gramu 183. Nilipima 175 kwa mizani, ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isiunguze ngozi. Nikiwa nimevaa glavu na miwani, niliimimina kostiki polepole ndani ya gramu 350 za maji, kamwe si maji juu yake, katika ndoo ya plastiki, kwa kuwa kostiki hula sufuria za alumini. Mchanganyiko ulipopoa niliutia kwenye mafuta, nikakoroga hadi ukawa kama uji mzito.

Kesho yake nilikata miche. Kostiki iliyobaki sasa naihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana.