Boga la Halloween kwa drili ya betri, hapa hapa Isevya

Mi seremala, wanaonifuatilia wanajua, kazi zangu ni vitanda na milango na makabati, mninga ukipatikana mninga, usipopatikana tunaenda na paina maisha yanasonga. Sa mwezi wa kumi dada mmoja mwenye lodge hapa Tabora akaja na maboga kwenye bajaji, anasema ana wageni wazungu wanataka kuona maboga yenye sura yanawaka getini usiku wa tarehe 31, sherehe yao ya Halloween, fundi utaweza? Nikamwambia shusha.

Kitu cha kwanza uelewe, boga la kwetu sio boga lao. Kule Marekani wana mbegu za maboga ya kuchonga kabisa, kuna moja linaitwa Howden ndo maarufu, likubwa, yani limezaliwa kwa ajili ya kisu na hata kulila wenyewe hawalisifii. Letu limepandwa katikati ya mahindi mvua za mwezi wa kumi na moja, limevunwa mvua zikiisha, alafu limekaa ghalani miezi yote hiyo ya jua, kufika Oktoba gamba limekuwa kama mninga na nyama ndani nene balaa. Ukichukua kisu cha jikoni utakata kidole kabla hujamaliza jicho moja. Ndo maana nasema kama una drili ya betri itumie, wala usione aibu eti sio sanaa.

Drili iwe ya betri sio ya waya, boga lina maji, unachimba huku juisi inatiririka mkononi, sa wewe weka na umeme wa TANESCO hapo katikati uone. Weka gia namba moja, ile ya polepole, mizunguko kama 400 hivi kwa dakika inatosha kabisa, usikandamize, acha biti ijile yenyewe. Kwa macho natumia ile biti ya duara tunayotobolea mlango pa kuweka kitasa, inatoa jicho limenyooka safi na kile kipande kinatoka kizima. Alafu biti za kawaida, milimita 6, 8, 10, unachanganya.

Na hapa ndo nina ugomvi na watu wa video za mtandaoni, kila mtu anakimbilia sura, meno, pua ya pembetatu. Mi naona matundu matupu ndo yanapendeza zaidi, unachora kwa penseli mistari inayozunguka boga kuanzia kwenye kikonyo kushuka chini, makubwa juu madogo chini, taa ikiwaka ndani ukuta mzima wa geti unapata vidoadoa. Boga halilegei haraka pia kwa sababu hujalikata vipande vikubwa. Yule dada mwenyewe alitaka sura, nikamchongea sura, lakini wageni walipiga picha lile la matundu, basi.

Jigso, ule msumeno mdogo wa mashine, inafanya kazi ila ina masharti. Wembe wa jigso unapanda na kushuka, kwaiyo ukiwa mfupi kuliko unene wa boga ncha inagonga nyama kwa ndani, mashine inaruka, boga linaruka, na wewe unaruka. Tafuta wembe mrefu wa mbao wenye meno makubwa, na kama unakatia sura, kabla ya hapo kwangua ukuta wa ndani ubaki kama sentimita mbili na nusu, hata mwanga utapita vizuri. Mimi jigso naitumia sehemu moja tu, kukata tundu la kuingilia, na nalikata chini kwenye kitako sio juu, juu ukikata kifuniko kinasinyaa kinadumbukia ndani. Chini unaliweka tu juu ya taa limekaa.

Kile kimashine kidogo cha kuchongea nakshi, Dremel na ndugu zake, ni kitamu kwa kukwangua gamba la juu tu ili mwanga upite kwa rangi ya chungwa bila kutoboa, lakini zingine zinafika mizunguko 35,000 kwa dakika, ukiifungulia yote nyama ya boga utaikuta kwenye nyusi. Vaa miwani. Grainda sisemi kitu, nimeona mtu anauliza, jibu ni hapana bwana.

Mama alipita karakanani akasimama, akaangalia weee, akasema "Mwanangu, boga la kula unalitoboa macho?" Nikamwambia mama shikamoo kwanza. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli, huku boga ni chakula, likichemshwa na karanga watu wanashiba, kwaiyo utaratibu wangu ni huu, mbegu natoa kwanza kwa mkono zinaoshwa zinaanikwa zinakaangwa, nyama nakwangua na kijiko kigumu inaenda jikoni, na vile vipande vya macho pia vinaenda. Ila biti zioshe na sabuni kabla, haswa kama ulizitumia kwenye mbao za dawa zile za kijani, hiyo dawa ni sumu, nyama iliyoguswa na biti chafu usimpe mtu. Ukimaliza pia usiirudishe drili kwenye boksi hivo hivo, ule mdomo unaoshika biti unajaa nyuzi na maji, futa, pakaa oili kidogo, isije ikashika kutu.

Kuna jirani alinitania naleta ushetani mtaani. Sikubishana sana, tarehe 31 ni mkesha wa Watakatifu Wote, na hiyo habari ya kuchonga taa ilianza na wa-Ireland na wa-Scotland wakichonga tanipu, mboga fulani ya mzizi, walipohamia Marekani ndo wakakuta maboga, makubwa na rahisi zaidi. Sa hivi ni sherehe tu, mji wa Keene kule New Hampshire mwaka 2013 waliwasha maboga 30,581 kwa pamoja. Na drili nyingi hapo nina uhakika zilihusika.

Joto la Tabora la Oktoba halina huruma, chonga jana yake tu, sio wiki nzima kabla. Paka Vaseline kwenye kingo zote ulizokata lisikauke, na ndani weka taa ndogo ya betri badala ya mshumaa, mshumaa unalipika.

Walioanza kuuliza bei kule WhatsApp, nachaji kwa matundu sio kwa boga, na boga unakuja nalo mwenyewe. Ukitaka simba mwenye manyoya yote leta na soda.