Mtutu wa Kushoto wa Bunduki ya Baba

Mtutu wa kushoto wa bunduki ya marehemu baba ulianza kukataa kulia mwezi wa Mei mwaka jana, wakati mahindi yangu karibu na Babati yalikuwa yamekomaa na nyani walikuwa wakishuka shambani kila alfajiri. Nilivuta kifyatulio, nikasikia kishindo kikavu cha nyundo ya ndani, lakini risasi haikutoka. Niliendelea kuielekeza kwenye tuta la udongo kwa nusu dakika nzima, kama baba alivyonifundisha, kwa sababu fataki, ile kofia ndogo nyuma ya risasi inayowasha baruti, huweza kuchelewa na kuwaka baadaye, kisha ndipo nikaikunja na kuitoa risasi ile. Katikati ya fataki palikuwa na kishimo kidogo mno, mfano wa alama ya ukucha. Siku iliyofuata mtutu huo ulilia mara mbili ukakataa mara tatu, na ule wa kulia haukukataa hata mara moja.

Ni bunduki ya marisau, yaani chembe ndogo ndogo nyingi kwa kila risasi, ya namba 12, mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu, nayo ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, zamani kabla sijazaliwa. Namba hiyo 12 huwachanganya wengi: haitaji milimita wala inchi, bali maana yake ni kwamba magololi 12 ya madini ya risasi yenye upana sawa na tundu la mtutu yanatimiza uzito wa ratili moja, na upana huo ni karibu milimita 18.5. Nyundo zake hazionekani kwa nje. Mtambo wake ni wa aina iliyosajiliwa na William Anson na John Deeley mwaka 1875, ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa kwa chuma: unapoikunja bunduki ili kuweka risasi, mitutu yenyewe inaposhuka husukuma nyenzo mbili ndogo, nazo huzirudisha nyundo nyuma na kuzikaza springi, hivyo mkono hauna kazi nyingine ya kufanya.

Jirani yangu, ambaye ni mtu wa busara katika mambo mengi, alisema springi ya kushoto imelala na kwamba yeye anaweza kuifungua kwa bisibisi yake jioni ile ile. Nilimshukuru nikakataa. Kwanza, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kila mwenye bisibisi kuwa fundi wa bunduki. Kazi hiyo ina leseni yake, kama umiliki ulivyo na leseni yake. Pili, skrubu za bunduki hizi zina mfereji mwembamba sana, nayo bisibisi ya kawaida huteleza na kuula mfereji huo, kisha hakuna atakayeifungua tena bila kuitoboa. Springi yenyewe imebanwa kwa nguvu nyingi na inaweza kumrukia usoni anayeifungua bila kujua inakaaje. Lakini sababu iliyonigusa zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa ameuthibitisha ugonjwa huo wa springi. Tulikuwa tumeona dalili moja tu, tukaipa jina.

Basi nikachukua leseni yangu na barua ya kituo cha polisi, nikaipeleka bunduki Arusha kwa fundi mwenye leseni, mzee aliyezitengeneza bunduki za wawindaji kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za shamba, kisha akaikunja bunduki kuhakikisha kwamba chemba zote mbili, yaani sehemu za nyuma za mitutu zinamokaa risasi, ni tupu. Baada ya hapo aliniomba nami nitazame kwa macho yangu, ingawa alikuwa ametoka kutazama yeye.

Nilitarajia aanze na springi. Badala yake aliuvua ubao wa mbele, ule unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, akaifunga bunduki, akashika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, akaitikisa polepole. Ilicheza. Kulikuwa na mgongano mdogo ambao mimi sikuwahi kuusikia kwa miaka yote, kwa kuwa ubao wa mbele, ukiwa mahali pake, unaibana mitutu na kuificha kasoro. Akaiinua kuelekea dirishani, akanionyesha mstari wa mwanga kati ya mitutu na uso wa chuma unaoziba nyuma ya chemba. Kisha akaweka karatasi ya kawaida katikati, akafunga, akaivuta, nayo ikatoka bila kukwama. Akaweka mbili. Zikatoka pia, kwa kukwaruza kidogo. “Mwalimu,” akaniambia, “bunduki yako imechoka bawaba.”

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani kila mwenye bunduki ya aina hii alijue. Mitutu hukunjwa kwenye pini moja nene ya bawaba, na chini yake kuna ndoana ya chuma inayoikumbatia pini hiyo. Komeo linaloifunga, ambalo James Purdey wa London alilisajili mwaka 1863, kazi yake ni kuizuia mitutu isiinuke. Kinachoizuia isisogee mbele wakati wa mlipuko ni ndoana na pini. Kila mlio huzivuta kidogo, na kila mkunjo usio na grisi huzisaga kidogo, mpaka mwanya unazaliwa. Karatasi mbili ni kama sehemu mbili za kumi za milimita, kiasi ambacho mtu hawezi kukihisi kwa kidole, lakini kwa fataki ni umbali mkubwa. Risasi husogea mbele kwa kiasi hicho, na ncha ya nyundo inaifikia ikiwa imekwisha maliza sehemu ya safari yake.

Kwa nini basi mtutu wa kulia haukukataa? Fundi aliuvua mtambo, akazipima ncha zote mbili kwa vernia, kipimo cha sehemu ndogo za milimita, zilivyokuwa zikichomoza kwenye matundu yake. Ya kulia ilitokeza milimita 1.2, na ya kushoto 0.9, ikiwa imeliwa na kutu pembeni. Fataki za zamani ziliacha chumvi iliyovuta unyevu kutoka hewani, na mvuke wake uliorudi nyuma kupitia matundu hayo uliila ncha pole pole. Springi zote mbili zilikuwa nzima. Ziligubikwa tu na mafuta yaliyoganda yakawa kama gundi, nayo yalikuwa yakiipunguzia nyundo mwendo, hasa katika baridi ya alfajiri. Mambo matatu, kila moja dogo kiasi cha kutoweza kuizuia risasi peke yake, yalikutana kwenye mtutu mmoja. Kama jirani angebadilisha springi, huenda mtutu ungelia, na mwanya ungebaki pale pale ukiendelea kukua mbele ya jicho langu.

Ndani ya ndoana tulikuta kipande cha bati kilichosagika kikawa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Mtu fulani, zamani, aliziba pengo kwa bati akairudisha. Sijui baba alimlipa kiasi gani, lakini bado jambo hilo linanikera, kwa sababu bati laini haliwezi kubeba mzigo wa bawaba, na muda wote huo lilimfanya mwenye bunduki aamini kwamba imepona.

Dawa ya kweli ilichukua siku nne. Fundi aliikereza pini mpya ya chuma kigumu, nene kidogo kuliko ile ya zamani, ili iisukume mitutu irudi nyuma hadi kwenye uso wake. Kwa unene huo bunduki haikukubali kufungwa kabisa. Akawasha kibatari, akaipitisha ndoana juu ya moshi hadi ikapata utando mweusi wa masizi, akaifunga kwa upole, akaifungua, akatazama mahali masizi yalipofutika. Pale palipong’aa ndipo palipogusana, na hapo tu alipitisha tupa laini mara moja au mbili. Akarudia: moshi, kufunga, kutazama, tupa. Nilikaa kwenye kigoda nikahesabu zaidi ya mara arobaini kabla sijaacha kuhesabu. Mwishowe masizi yalifutika sawasawa kwenye ndoana nzima, wenzo wa juu, ule wa kufungulia bunduki, ukasimama kidogo kulia kwa mstari wa katikati, na karatasi moja ikakwama ikachanika. Ncha ya kushoto aliikata, akapachika nyingine, akaipa umbo la duara, kwa kuwa ncha kali huitoboa fataki na kumrudishia mpigaji mvuke wa moto.

Kabla ya kuniruhusu kuondoka aliitundika mitutu kwenye waya, akaigonga kwa kifundo cha kidole, nayo ikalia kwa sauti ndefu na safi. Sauti butu ingemaanisha kwamba kuna sehemu ya muungano iliyoachia. Kisha akaigeuza, akanionyesha chini yake, karibu na mihuri ya nyumba ya ukaguzi ya Birmingham, inakopimwa nguvu ya mitutu, alama ya inchi 2½. Hiyo ni chemba ya milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70, na hatari yake ni kwamba zinaingia bila taabu yoyote. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limekwisha kupigwa na mdomo wake kufunguka. Likiwa bado limekunjwa, ni fupi. Katika chemba fupi mdomo huo hufungukia mahali ambapo tundu limeanza kuwa jembamba, njia ya marisau inabanwa, na shinikizo hupanda ndani ya chuma ambacho hakikupimwa kwa ajili yake. Nilikaa kimya, kwa sababu boksi nililokuwa nimeliacha nyumbani lilikuwa la 70, na mabaki ya mwaka wa kabla yake yalikuwa ya 70 pia. Kwa maoni ya fundi, hizo ndizo zilizoimaliza bawaba.

Milio ya kwanza baada ya matengenezo haikupigwa begani. Aliifunga bunduki kwenye gurudumu la lori, katika uwanja ulioruhusiwa, akavuta kifyatulio kwa kamba ndefu akiwa nyuma ya ukuta, mara tatu kwa kila mtutu, kwa risasi nyepesi za milimita 65. Maganda sita aliyapanga juu ya meza, yote na kishimo cha kina kimoja katikati ya fataki, nasi hatukuweza tena kutambua lipi lilitoka mtutu upi. Niliporudi Babati nililirudisha boksi la 70 kwa muuzaji, na sasa kila baada ya kuisafisha bunduki naipaka pini ya bawaba grisi kidogo sana, nauvua ubao wa mbele, na kuweka karatasi.