Picha za manjano na majani ya mikoko: nilipofikia mpaka sasa

Haya wadau, niliahidi kuandika kila wiki halafu nikapotea wiki tatu, sababu ni mawingu na uvivu, ila zaidi uvivu. Leo natoa yote kwa mkupuo.

Kwa ambao hamkuwepo mwanzo: kazi yangu ya kumalizia mwaka wa tatu ni picha za majani ya mikoko ya Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ila sizichori, nazichapa na jua. Unapaka karatasi rangi ya mmea, unaikausha gizani, unalaza jani juu yake, unabana na kioo unaanika. Jua linapopiga, rangi inapauka, chini ya jani inabaki. Wala sijagundua mimi, Mwingereza John Herschel alishaandika habari za maji ya maua na jua mwaka 1842, mwaka uleule aliotoa zile picha za bluu za chumvi za chuma, ambazo 1843 Anna Atkins akaanza kuzitengenezea kitabu cha mwani. Kiukweli mi nilitaka za bluu, nikaulizia dawa zake, nikatajiwa bei, nikashukuru nikaondoka. Ndo nikaishia kwenye manjano, kile kiungo cha mchuzi.

Wiki ya kwanza nilichemka vibaya. Nilikoroga manjano na maji kama natengeneza uji, nikapaka, ikakauka mabaka mabaka na unga unapukutika. Kumbe rangi ya manjano haipendi maji, inataka spiriti. Sasa natumia spiriti ya duka la dawa, nusu kikombe kwa vijiko viwili vya manjano, natikisa kwenye chupa, naacha ikae usiku, asubuhi nachuja na kitambaa napaka na sponji mara mbili. Mbali na jiko jamani, spiriti inawaka.

Nilijaribu na choya pia. Pinki yake nzuri hatari, ila siku sita juani na jani bado halisomeki, nikaona isiwe tabu, ile iliyobaki nikatia sukari nikanywa.

Sasa kisa cha shuka. Natikisa chupa uani, kizibo kikachomoka, manjano yote yakatua kwenye shuka jeupe la mama mwenye nyumba lililokuwa kwenye kamba. Nikalichukua mbio nikalipaka sabuni ya mche, doa likageuka jekundu kama damu. Akatoka.

"We binti, umeua kuku kwenye shuka langu?"

"Samahani mama, ni manjano tu."

"Manjano mimi natia kwenye mchuzi wa samaki miaka yote, hayajawahi kuwa mekundu."

Nikaomba radhi, nikasuuza, nikalirudisha kwenye kamba nikijua shuka jipya linanihusu. Siku mbili baadaye doa halipo, jua limelila lote. Mama akacheka, mimi nikakaa nikaangalia ile kamba kwa muda, maana mradi wangu wote ulikuwa pale juu ya shuka, sabuni inageuza na jua linafuta. Nikamuomba magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage, nikayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikachuja, nikapitisha picha moja iliyokuwa imetoka juani. Jani lililokuwa njano likageuka rangi ya tofali mbele ya macho yangu, na mishipa yake ikasimama! Nilipiga kelele. Ila ukizidisha magadi rangi inachuruzika yote kwenye beseni, hilo nimeshajifunza kwa hasara ya karatasi nne, na karatasi nzito za rangi ya maji si za kuchezea kwa bei hii. Halafu ule wekundu haukai, baada ya siku kadhaa unarudi kwenye kahawia. Mi kahawia naipenda, inafanana na tope.

Majani yenyewe. Naokota yaliyoanguka tu, sikati. Mwanzo nilidhani jani ni jani, lakini mikoko ina aina zake na kila aina ina vituko vyake. Mkoko wenyewe jani lake lina kimwiba kama sindano kwenye ncha na linachapa vizuri mno, ile ncha inatoka kama imechorwa na kalamu. Mlilana jani lake nene, la duara, limejaa maji, ukilibana kioo hakikai sawa, mwanga unapenya pembeni, unapata kivuli cha kiazi. Hilo inabidi nililaze chini ya ndoo ya maji siku mbili kabla. Mchu ndo kipenzi changu: mti wenyewe unatoa chumvi kwa kupitia majani, ukiligusa jani na ulimi unaisikia, na kwenye jua kali unaona chembe zinametameta. Zile chembe zinavuta unyevu chini ya kioo zikaniachia vidoa vidogo kwenye picha. Wiki nzima nilikuwa nafuta majani na kitambaa ili vidoa visitoke, sasa nimeacha. Nikivifuta nabaki na umbo la jani tu, na majani yenye umbo hilo yamejaa hata huku mtaani.

Tatizo kubwa ni lile nililolikwepa tangu mwanzo. Msimamizi wangu aliangalia picha kumi akauliza swali moja tu, zitadumu? Nikafanya jaribio, picha moja nikaifunika nusu kwa daftari nikaiweka dirishani. Siku ya tisa nusu iliyo wazi imebaki kama karatasi iliyomwagikiwa chai nyepesi. Hamna dawa ya kuizuia, jua lililotengeneza picha ndo hilohilo linaimaliza. Msimamizi kashauri nizipige picha nichapishe kubwa, nitundike hizo. Ushauri mzuri ila sitaki, basi ningetumia simu tangu siku ya kwanza.

Nilichoamua: kila picha itafunikwa na kipande cha kaniki, mtu akitaka kuona anainua, anaangalia, anashusha. Anayeinua muda mrefu anakula picha kidogo na nitamwambia hivyo pale mlangoni. Kuna wenzangu wanasema ni maigizo. Sawa.

Hesabu mpaka leo: nimechapa 31, nzuri ni 14, nataka 20. Kaniki nitafuata Kariakoo Jumamosi, kushona pindo nitampa fundi wa hapa nje maana mimi na cherehani hatuelewani.

Kesho bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, ndo napata kuingia mikokoni kuokota. Shida ya bamvua huku kwetu ni kwamba maji yanakupwa kama saa nne asubuhi, na kuanzia saa nne mpaka saa nane ndo jua ninalolihitaji kwenye vioo, kwa hiyo siku nzuri ya kuokota ndo hiyohiyo siku nzuri ya kuanika na mi niko mmoja. Mama mwenye nyumba kakubali kunilindia vioo vitano wingu likija au kuku wakisogea, sharti lake viwe upande wa pili wa ua, mbali na kamba.