Siku moja maishani mwangu: mhandisi wa umeme Lamu

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kushuka gatini nakagua mkoba: megga (kipima uzima wa kihami cha waya), kipima athi (njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini), klampu mita ya kupima ampea, glavu, kufuli la swichi kuu. Gari halifiki huku. Kifaa kikisahaulika, asubuhi imekwenda.

Saa 2, kijiji cha Shela, nyumba ya wageni. Swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, hujizima kila alfajiri. Mwenye nyumba: "Injinia, weka mpya tu." Hapana, bado. Zima kuu, funga kufuli, hakikisha kwa kipimo kwamba waya hauna umeme, chomoa laivu na nyutro za laini zote, kisha piga megga ya volti 500 moja baada ya nyingine. Laini isiyo na kasoro haipaswi kushuka chini ya megaohmu 1. Ya taa za uani inasoma 0.01, yaani ohmu 10,000. Gawa volti 240 za umeme wa nyumba kwa ohmu hizo: miliampea 24 zinavuja. Swichi ya 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15, kwa hiyo ni nzima kabisa. Mwenye kosa ni kisanduku cha maungio ukutani: skrubu zimeota kutu ya kijani, umande wa usiku umeyeyusha chumvi ya bahari ikawa njia ya umeme. Kibadilishwe kwa kisichopitisha maji, waya ziingilie chini, kamwe si juu.

Saa 4, athi. Nondo ya mita 1.2 kwenye mchanga mkavu inatoa ohmu 180, nyingi mno. Mafundi wengine humwaga chumvi shimoni. Kipimo hushuka, nondo ikaoza. Heri kuunganisha nondo ifike mchanga wenye unyevu, na ya pili isikae karibu kuliko urefu wake.

Saa 7, swala na wali.

Saa 8, pampu ya kisima: ampea 15, mita 60, waya wa milimita 2.5 za mraba. Waya hauungui, ndiyo maana fundi aliona sawa. Lakini hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita: volti 16, karibu asilimia 7. Mota inashindwa kuanza, lawama inaangukia kapasita, kifaa cha kuisaidia mota kuanza. Kwa milimita 6 za mraba zinapotea volti 6.6 tu.

Saa 10, ripoti. Vijana huuliza kuhusu vyeti: digrii hukuandikisha EBK, bodi ya wahandisi Kenya, kama mhandisi mhitimu, kisha angalau miaka 3 ya kazi kabla ya kuwa mhandisi kamili. Leseni ya kufunga nyaya ni nyingine, ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati.

Mwisho, agizo la waya Mombasa: mita 70, si 60, maana waya hupanda ukuta na kuingia bodi.